Jinsi ya Kupamba Nje ya Nyumba kwa Taa za Rangi Msimu wa Sikukuu

Sikukuu ikikaribia, wengi huanza na ngazi. Taa zimetolewa kwenye boksi, mtu keshapanda, na huko juu ndiko anakogundua kwamba plagi imeangukia upande usio na soketi, uzi umeishia katikati ya paa, na taa nyeupe alizonunua mwaka huu hazifanani na zile za mwaka jana. Kazi yangu ni kupamba nyumba kwa taa, na saa zangu nyingi huishia chini: kutazama, kupima, kuwasha taa sakafuni. Juu ya ngazi sikai sana. Utaratibu ninaoueleza hapa ni uleule uwe unapambia Krismasi, Idi, Diwali au Mwaka Mpya. Kinachobadilika ni rangi.

Hatua ya 1: Itazame nyumba usiku

Mchana nyumba ina kuta, madirisha na maua yake. Usiku vyote hivyo humezwa na giza, kikabaki kile tu ulichokiwashia taa. Kwa hiyo nenda ukasimame pale watakaposimama watazamaji, barabarani au getini, taa za nje zikiwa zimezimwa, kisha piga picha kwa simu. Chora juu ya picha hiyo kwa kidole. Unachotafuta ni mistari: ukingo wa paa, nguzo za baraza, fremu ya mlango mkuu, mgongo wa ukuta wa ua.

Chagua miwili, mitatu ikizidi sana. Nyumba iliyozungushiwa taa kila mahali humchosha mtazamaji kwa sababu jicho halina pa kutulia. Giza kati ya mstari na mstari ndilo linaloupa mstari umbo. Kama taa zinatosha sehemu moja tu, zipe ukingo wa paa. Zikitosha mbili, ongeza mlango mkuu. Madirisha mimi huyaweka mwisho kabisa, maana mwanga wa ndani ya nyumba hushindana na wa nje, na wa ndani hushinda.

Rangi nazo ziamue hapohapo. Mbili zinatosha, au moja pamoja na nyeupe. Ila nyeupe yenyewe ni tahadhari, kwa kuwa ziko za aina nyingi. Boksi likiandikwa Kelvini 2700, hiyo ni nyeupe yenye unjano. Likiandikwa 6000, ni nyeupe inayoelekea ubuluu. Ukiziunga kwenye mstari mmoja, hata asiyejua lolote kuhusu taa ataona kuna kasoro.

Buluu nayo ina tabia yake. Jicho la binadamu halikazi vizuri kwenye mwanga wa buluu, hivyo ukiitazama kwa mbali usiku huonekana kama ina ukungu. Usiitumie kuchora mstari mwembamba wa paa. Ielekeze kwenye ukuta mpana au ijaze kwenye kichaka, hapo ukungu wake unageuka kuwa uzuri. Mstari unaotakiwa kuonekana wazi upe nyekundu au nyeupe yenye unjano.

Hatua ya 2: Pima na uandike

Ukingo wa paa hauhitaji ngazi kupimwa: pima ukuta ulio chini yake, kisha ongeza sehemu ya upenu inayotokeza kila upande. Paa la pembe tatu lenye mteremko ndilo lenye usumbufu. Hapo pima upana wa ukuta na kimo cha pembe, uchore kwa kipimo kidogo kwenye karatasi, usome urefu wa mteremko kwa rula.

Umbali kutoka kwenye soketi hadi balbu ya kwanza uandike peke yake. Huo ni waya mtupu usio na taa, na ndio unaosahauliwa.

Mti una hesabu yake. Gawanya kimo utakachozungushia kwa nafasi unayotaka kati ya mzunguko na mzunguko, kisha zidisha kwa mzingo wa shina. Shina lenye mzingo wa sentimita 60, likizungushiwa hadi mita 2 kwa nafasi ya sentimita 10, lina mizunguko 20, yaani mita 12 za taa. Watu hununua mita 5 wakaishia kuwa na mti uliofungwa kamba mbilitatu. Kwenye jumla yote ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kona na mikunjo.

Hatua ya 3: Chagua taa

Nunua za LED. Balbu kubwa za zamani za uzi wa moto, zile zinazopangwa kwenye ukingo wa paa, hula wati 7 kila moja. Balbu 100 ni wati 700. Ukiziwasha kwa muda wa saa 6 kila usiku, umetumia uniti 4.2 kwa usiku mmoja, 126 kwa siku 30. Mapambo ya LED yenye jumla ya wati 60, ambayo yanatosha nyumba ya kawaida, kwa muda huohuo hayafiki uniti 11. Isitoshe, LED haichomi kama balbu ya zamani, na hilo lina maana kubwa pale taa inapogusa majani makavu. (LED nyekundu na za kijani zilitangulia kwa miaka mingi, buluu yenye mwanga mkali ilipatikana miaka ya 1990 tu, na waliofanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe zilizoenea leo zimetokana na hiyo buluu.)

Kisha tafuta herufi IP kwenye boksi. IP20 ni ya ndani, usiitoe nje hata kama mvua haionekani karibuni. IP44 inahimili matone na rasharasha, inafaa chini ya upenu. Mahali pa wazi kabisa, kama juu ya ukuta au bustanini, chukua IP65 kwenda juu. Angalia pia transfoma: mara nyingi taa zenyewe ni za nje lakini transfoma yake ni ya ndani, na maelezo hayo yameandikwa kwa maandishi madogo.

Kwa aina, nyuzi za balbu hufaa mistari, taa za wavu hufaa vichaka na huokoa muda mwingi, na zile zinazoning'inia kwa vipande virefu na vifupi hufaa ukingo wa paa uliolala sawa. Mikanda ya LED ya volti 12 hufifia upande wa mwisho ikiwa mirefu. Zaidi ya mita 5, leta umeme wa pili mwisho wa mkanda badala ya kuunganisha mkanda kwa mkanda.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme

Hapa usikisie. Volti mara ampea ni wati. Soketi ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati 2,300. Ya ampea 15 kwenye volti 120 hubeba 1,800. Taa huwaka saa nyingi mfululizo, kwa hiyo ishia asilimia 80: wati 1,840 kwa ya kwanza, 1,440 kwa ya pili. Ukitumia LED huenda usikaribie hata robo yake, lakini uzi wenyewe una kikomo chake. Boksi husema ni nyuzi ngapi zinaruhusiwa kuungana mkia kwa kichwa. Ikiandikwa 3, ya 4 ianzie soketi nyingine. Na usiunganishe uzi wa volti ndogo na ule unaotumia umeme wa ukutani bila transfoma, hata plagi zikiingiliana vizuri.

Soketi unayotumia nje ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30. Hukioni ukutani kwako kitufe chake cha majaribio? Basi muite fundi umeme kabla ya kununua hata balbu moja.

Waya wa ekstensheni uwe wa nje. Ukiwa ni wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote hata kama unahitaji mita 3 tu, kwani uliobaki umejizungusha haupoi na ganda lake linaweza kuyeyuka. Maungio yasilale chini. Yainue, yaelekeze kinywa chini, na kabla ya kila plagi acha waya ulegee kidogo kama tumbo la kamba ya kuanikia nguo, ili maji yadondokee pale badala ya kutiririka hadi kwenye soketi.

Weka pia swichi ya saa. Kuwasha giza linapoingia na kuzima watu wanapolala kunakuondolea kazi ya kukumbuka, na jirani ambaye dirisha lake linatazama paa lako atapata usingizi.

Hatua ya 5: Washa kila kitu chini

Tandaza nyuzi zote sakafuni, ziwashe na uziache kwa nusu saa. Pitisha mkono juu ya waya ukiwa umezimwa, utafute ganda lililochanika au lililotafunwa na panya. Uzi wenye jeraha tupa. Utepe si dawa yake huko nje. Kama kipande cha katikati kinawaka na kingine hakiwaki, ni wakati huu wa kubadilisha.

Zikiwa bado chini, zivishe klipu. Huu ndio ushauri ninaourudia kuliko wote: klipu moja kila sentimita 30, balbu zote zikitazama upande mmoja, ndipo uzi unapanda ukiwa tayari. Mtu anayefungua pakiti ya klipu juu ya ngazi hana mkono wa kujishikia.

Hatua ya 6: Panda na ufunge

Chomoa umeme kwanza. Kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Isimame kwenye udongo mgumu, iegemee ukuta na si mfereji wa maji ya paa, na mtu mwingine aishike. Kitovu chako kisivuke mihimili ya ngazi. Ukihitaji kujinyoosha, shuka uihamishe. Angalia nyaya za umeme zinazoingia nyumbani na ukae angalau mita 3 mbali nazo, ngazi ikiwemo, na ngazi ya alumini usiilete upande huo kabisa.

Anzia upande wa soketi uende mbali nayo. Usipige msumari wala pini za stepla juu ya waya. Kwenye ukingo wa paa tumia klipu za plastiki, kwenye nguzo na uzio tai za plastiki zisizokazwa hadi kuubana waya, na kwenye ukuta ulioskimiwa vibandiko vya nje, ukuta ukiwa umefutwa vumbi na kukauka. Kati ya klipu na klipu uzi unyooke bila kuvutwa kwa nguvu. Mti uzungushie kutoka chini kwenda juu, nafasi ileile uliyoipigia hesabu.

Hatua ya 7: Rudi barabarani

Washa, nenda pale ulipopigia picha. Balbu iliyogeukia ndani na uzi uliolegea huonekana mara moja. Usishangae ukitamani kupunguza. Mara nyingi ndicho kinachohitajika.

Kama taa zina mitindo ya kumetameta, mimi huziacha ziwake tuli au zififie polepole. Hili si suala la ladha peke yake: mwanga unaopigapiga zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumletea degedege mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na nyumba yako inatazamwa na wapita njia usiowajua.

Hatua ya 8: Zishushe na uzihifadhi

Sikukuu ikipita, zishushe. Jua huchosha plastiki, na taa nyingi za sikukuu hazikutengenezwa zikae nje mwaka mzima. Usizivute kutoka chini. Panda ufungue klipu mojamoja. Zikaushe, kisha zungushia kila uzi kwenye kipande chake cha kadibodi, plagi ikibaki nje ili mwakani uijaribu bila kuufungua. Andika juu yake mahali ulipokaa na urefu wake: "paa, kushoto, mita 10". Transfoma ifunge pamoja na uzi wake kabisa, maana nyingi zina plagi zinazofanana ilhali volti zake ni tofauti.