Somo: Kukamua maji kwenye rojo la karatasi ili kupata vyungu vya miche vilivyo imara

Ndugu wanachama,

Somo hili linahusu sehemu moja tu ya kazi yetu, nayo ni namna ya kuyatoa maji kwenye rojo la karatasi na nyuzi za mimea mpaka libaki chungu cha mche kinachosimama chenyewe, kinachobeba udongo na kinachoingia shimoni pamoja na mche wake. Nimelichagua kwa sababu wengi wetu huku Mtwara na Lindi tunajichosha kwa kutwanga na kutafuta gundi, kisha tunaharakisha kukamua, ilhali nguvu ya chombo hupatikana hapo hapo kwenye kukamua.

Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea. Zikiwa ndani ya maji kila uzi huelea peke yake, na kadiri maji yanavyoondoka, utando mwembamba wa maji uliobaki kati ya uzi na uzi huzivuta zikaribiane hadi zishikane kwa vifungo vya haidrojeni, yaani mvutano mdogo wa asili kati ya nyuzi zilizogusana. Hakuna gundi inayohitajika. Hata hivyo vifungo hivyo hufanyika tu pale nyuzi zinapogusana, na rojo lililoachwa lijikaukie bila kukandamizwa hubaki na nafasi nyingi tupu katikati, ndiyo maana chungu cha namna hiyo ni kinene, ni chepesi na hupukutika ukikishika. Ukishakikausha, huwezi tena kukirekebisha kwa kukikandamiza, kwa kuwa nyuzi zimekwisha kukakamaa mahali pake.

Ipo na faida ya pili. Maji yanayotoka kwa kukamuliwa hayahitaji jua wala kuni. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hudai joto takriban mara saba ya lile linaloyatoa maji hayo kwenye hali ya kawaida ya huku kwetu hadi kuchemka, kwa hiyo kila tone unalolitoa kwa mkono au kwa jeki umelipunguzia jua kazi kubwa.

Hatua ya kwanza: kuandaa rojo

Chagua maboksi, madaftari yaliyokwisha kuandikwa na magazeti. Maboksi ndiyo bora, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu. Magazeti yana nyuzi fupi, na yakiwa peke yake hutoa chungu kinachovunjika mdomoni. Ondoa pini, selotepu na karatasi yoyote iliyopakwa plastiki. Chana vipande vidogo, loweka usiku kucha, kisha twanga kwenye kinu. Ninasisitiza kinu hata kwa mwenye blenda, kwa sababu mchi huzichambua nyuzi na kuzitoa manyoya yanayoshikana vizuri, wakati kisu cha blenda huzikatakata. Ili kujua kama rojo limeiva, tia kidole kimoja cha rojo kwenye glasi ya maji, tikisa, kisha inua glasi kwenye mwanga: ukiona wingu lililo sawa, limeiva, ukiona vipande bapa vinavyoelea, rudi kinuni.

Kisha pima. Kilo 1 ya karatasi kavu iende kwenye lita 25 za maji, ambayo ni gramu 40 za nyuzi katika kila lita. Kipimo hiki kina maana, kwa kuwa chungu cha kipenyo cha sentimita 9 na urefu wa sentimita 10 kinahitaji takriban gramu 40 za nyuzi, kwa hiyo lita moja ya rojo ni chungu kimoja. Rojo likiwa zito kuliko hapo, nyuzi hujikunja kuwa madonge na ukuta hauwi sawa.

Hatua ya pili: kalibu

Kalibu ina sehemu mbili, jike linalopokea rojo na dume linaloshuka ndani yake. Mbao ngumu iliyokauka vizuri inafaa, na mninga haupindi ovyo ukilowa. Toboa jike kwa keekee, tundu za milimita 4 zilizoachana sentimita 1 na nusu, kitakoni na ubavuni kote, kisha tandika ndani wavu wa dirishani uliokatwa na kushonwa ufuate umbo. Kati ya wavu na mbao weka tabaka la wavu mwingine mpana zaidi, ili maji yaliyotoka mahali pasipo na tundu yapate njia ya kuteremkia hadi kwenye tundu la jirani. Watu wengi huliacha tabaka hili, na chungu chao hutoka na madoa mabichi kati ya tundu na tundu.

Jambo la kuzingatia zaidi ni mwinamo wa ukuta. Dume husukumwa kwenda chini, si kwenda pembeni. Likishuka milimita 10, kitako hukandamizwa milimita 10 zote, lakini ukuta uliosimama karibu wima, wenye mwinamo wa digrii 5, husogelewa chini ya milimita 1. Hii ndiyo sababu vyungu vingi vina kitako kigumu kama kibao na ukuta unaobonyea kwa kidole. Ukiulaza ukuta hadi digrii 15, ule mshuko wa milimita 10 huusogelea ukuta milimita 2 na nusu hivi, na tofauti yake utaiona mara moja. Mwenye kutaka ukuta wima zaidi alivishe dume tyubu ya pikipiki, aijaze tyubu maji na kuifunga barabara juu na chini: jeki likikandamiza, maji ndani ya mpira husukuma pande zote kwa nguvu ileile, na ukuta hupata haki yake.

Hatua ya tatu: kumimina

Lowesha kalibu kwanza, kwa sababu mbao kavu hunywa maji upande mmoja na kuushika utando wa nyuzi. Koroga rojo mpaka chini ya ndoo, chota lita yako moja, mimina huku ukiizungusha kalibu, na rudia kuzungusha mpaka nyuzi zifunike ukuta wote. Acha maji yajitokee yenyewe dakika mbili au tatu. Usibonyeze chochote wakati huu.

Hatua ya nne: kukamua

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Baada ya maji kujitokea, kilichobaki ndani ya kalibu ni takriban gramu 40 za nyuzi pamoja na gramu 220 au zaidi za maji. Lengo letu ni kukitoa chombo kwenye kalibu kikiwa na uzito usiozidi gramu 110, yaani maji yaliyobaki yasizidi gramu 70. Mizani ndogo ya jikoni itakuambia ukweli ambao jicho haliuoni.

Anza kwa uzito wa mikono tu. Teremsha dume polepole mpaka liguse rojo kila upande, ulishikilie hapo huku ukisikiliza maji yanavyodondoka. Yeyote aliyekamua tui kwa kifumbu anaijua kazi hii: ukiminya kwa pupa, chicha hupenya na tui huchafuka, ukiminya kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, maji hutoka safi na chicha hubaki ndani. Kwenye rojo, pupa ina madhara mawili. Kwanza, maji yanayokosa njia hupasua utando na kutoka juu pembeni mwa dume, yakichukua nyuzi pamoja nayo, na hapo mdomo wa chungu hutoka ukiwa na mapengo. Pili, nyuzi ndogo sana hukimbilia kwenye wavu zote kwa pamoja, huziba matundu yake, na maji ya katikati ya ukuta hufungiwa ndani hata ukiongeza nguvu namna gani.

Yakipungua kudondoka, weka jeki. Jeki la tani 2 kwenye fremu ya chuma linatosha na kuzidi, kwa sababu mdomo wa chungu chetu una eneo la sentimita za mraba 64 hivi, na tani 2 juu yake ni zaidi ya kilo 30 kwa kila sentimita ya mraba. Pampu mara moja, ngoja mpaka mchirizi ugeuke matone, pampu tena. Matone yakiwa ya kuhesabika, acha jeki likiwa limekaza kwa dakika tano. Usilegeze kabla ya hapo, kwa kuwa rojo ni kama sifongo: nguvu ikiondolewa mapema, hutanuka na kuyavuta tena maji yaliyobaki kwenye wavu.

Tazama maji yanayotoka. Mwanzoni huwa na rangi ya maziwa, kisha husafika. Yakiendelea kuwa meupe mazito, wavu wako ni mpana mno au rojo limetwangwa kupita kiasi.

Hatua ya tano: kutoa na kukausha

Geuza jike, gonga kitako kwa kiganja, vuta wavu pamoja na chungu, kisha bandua wavu kuanzia mdomoni. Anika kivulini kwenye kichanja chenye upepo siku ya kwanza, ndipo uhamishie juani. Msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na kusi likivuma, na ndio wakati unaotangulia maandalizi ya miche ya kupandwa mvua zikianza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Newala, na maji huku kwetu juu tunayanunua kwa ndoo. Lita 25 kwa kilo moja ya karatasi si anasa?*

Marahaba, mama. Swali lako ni la haki, kwa kuwa kwenye uwanda wa Makonde maji hupandishwa kutoka bondeni na kila ndoo ina thamani yake. Lakini maji haya hayapotei. Katika lita moja ya rojo, chungu hutoka na gramu 70 hivi za maji, na yaliyobaki, karibu sehemu tisa kati ya kumi, huanguka chini ya kalibu. Weka beseni hapo na uyatumie kwa rojo linalofuata. Yana nyuzi ndogo ndani yake, kwa hiyo unaokoa na karatasi pia. Baada ya siku mbili au tatu huanza kunuka, na hapo yamwagie migomba. Ukishatia wanga wa muhogo kama gundi yatanuka mapema zaidi, hivyo usiutie kabisa isipokuwa umelazimika kutumia magazeti matupu.

*Mwalimu, hapa Mikindani makumbi ya nazi yamejaa. Je, siwezi kuachana na karatasi nikatumia makumbi peke yake?*

Peke yake hapana. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, una lignini nyingi (kitu kinachoukakamaza mmea), nyuzi zake ni ngumu na haziambatani vizuri hata zikikamuliwa kwa nguvu. Jeki likilegezwa, zinafutuka. Zikate urefu wa sentimita 1, zitwange, kisha zichanganye zisizidi moja ya tano ya uzito wa karatasi. Kwa kiasi hicho zinazuia ukuta usipasuke wakati wa kukauka. Walio jirani na mashamba ya mkonge upande wa Kikwetu, Lindi, wana bahati kubwa zaidi, maana mabaki ya katani yakikatwakatwa, yakachemshwa kwa saa kadhaa kwenye maji ya majivu, yakasuuzwa na kutwangwa, hushikana vizuri sana. Maji ya majivu yanachubua ngozi, kwa hiyo vaeni glavu.

*Kaka, nimetengeneza kalibu ya trei ya mayai 30 na kutumia jeki lilelile la tani 2, lakini trei zinatoka mbichi na kuvunjika. Tatizo ni rojo?*

Tatizo ni eneo. Trei ya sentimita 30 kwa 30 ina sentimita za mraba 900, na tani 2 zikigawanywa humo hubaki kilo 2 na ushei kwa kila sentimita. Tafuta jeki la tani 10 na fremu inayolistahimili, au punguza trei iwe ya mayai 12. Viwandani hufyonza maji kwa pampu ya hewa kabla ya kukandamiza, ndiyo maana rojo lao huwa jepesi mno, karibu asilimia 1 ya nyuzi, na trei yao huwa nyembamba na sawa.

*Mwalimu, naomba kuuliza kama naweza kutengeneza sahani za kulia shughulini kwa njia hii.*

Kwa magazeti na maboksi, ninakukataza kwa nia njema. Wino na mabaki ya kemikali humo huweza kuhamia kwenye chakula, hasa cha moto na chenye mafuta. Vyombo vya chakula vinahitaji nyuzi safi ambazo hazijawahi kuchapishwa, na bidhaa ipitie TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla ya kuuzwa.

*Shikamoo. Niko Tandahimba, naotesha mikorosho. Viriba vinapinda mzizi mkuu. Je, chungu hiki kinafaa, na mchwa je?*

Marahaba, ndugu. Kwa mkorosho usitumie kipimo cha somo hili, kwa sababu sentimita 10 ni fupi kwa mzizi wake. Tengeneza chungu kirefu, angalau sentimita 20, ukuta wake uwe mnene zaidi ili ustahimili kumwagiliwa mpaka mche ubebeshwe, yaani uungwe kikonyo, na kupona, na kitako kiwe na tundu pana ili mzizi mkuu ukifika ukute hewa badala ya kujizungusha. Chungu kirefu hivyo ndicho kinachohitaji zaidi dume la tyubu, la sivyo ukuta hautakamuka. Mchwa watakuja, hilo lisikushangaze. Panga vyungu kwenye kichanja na miguu yake uipake oili chafu. Majani yakipauka, jua kwamba vijidudu vinavyoozesha karatasi vinagombania naitrojeni na mche, na maji ya samadi yaliyozimuliwa yatatosha. Siku ya kupanda, kilowanishe chungu chote na ukizike mpaka mdomo wake ufunikwe na udongo, kwa maana ukingo ukibaki nje hufyonza unyevu wa chini na kuutoa kwenye upepo, na mche hukaukia ndani ya shimo lililolowa.