Kabla hujanunua kadi ya michoro, punguza pikseli kwanza

Gemu mpya ikikwamakwama, usikimbilie kununua kadi ya michoro; mimi nimelijua hili juzi, nikiwa karibu kabisa kutoa pesa. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha pikseli kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, mengine yote yaache yalivyo, kisha rudi mahali palepale palipokuwa pakikwama utazame idadi ya fremu kwa sekunde. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyoelemewa, maana pikseli za kuchora zimepungua kwa zaidi ya nusu. Zisipopanda, au zikiongezeka mbili tatu tu, mzigo uko kwenye prosesa: hesabu zake za mienendo ya wahusika na migongano ya vitu hazipungui eti kwa kuwa picha imekuwa ndogo. Hapo kadi mpya, hata iwe ya bei gani, itabaki kuisubiri prosesa ileile.

Kipimo hiki hudanganya V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na kasi ya skrini) ikiwa imewashwa, kwa sababu kwenye skrini ya Hz 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, fremu hazivuki 60. Izime kwanza. Zima na DLSS au FSR, ambazo tayari huchora pikseli chache kisha kuzikuza. Na kama gemu inakimbia vizuri halafu inaganda ghafla kila unapoingia eneo jipya, achana na kipimo hiki, kagua RAM na diski: gemu nyingi kubwa za sasa zinataka RAM ya GB 16 na SSD, yaani diski ya kasi.