Kopolima ya bloku ya PEG na PLA kwa kichocheo cha bati

Kazi ni kuunga PEG (polietilini glikoli) na PLA (polima ya asidi ya laktiki) ziwe mnyororo mmoja, na kinachoiharibu ni maji. Gramu 5 za mPEG (PEG iliyofungwa ncha moja kwa methili, PLA ikiota kwenye ncha nyingine) ya uzito wa molekuli 5,000 ni milimoli 1 tu ya minyororo. Miligramu 18 za maji, ambazo hazifiki hata tone moja, nazo ni milimoli 1, na kila molekuli ya maji huanzisha mnyororo wake wa PLA usioshikana na PEG. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni kukausha.

1. Yeyusha laktaidi-L (malighafi ya PLA) kwenye toluini kavu ya moto, iache ipoe taratibu, chuja fuwele, kausha kwa vakyumu. Fuwele safi huyeyuka kwenye nyuzi 95 hadi 97. Zikiyeyuka chini ya hapo, rudia.

2. Tia gramu 5 za mPEG na mililita 80 za toluini kwenye chupa ya kitako cha duara. Chemsha chini ya nitrojeni na utoe mililita 30 kwa mvuke; maji huondoka nazo. Matone ya kwanza huwa na ukungu. Ya mwisho yasipokuwa angavu kabisa, ongeza toluini kavu uendelee.

3. Ikipoa, ongeza gramu 10 za laktaidi na miligramu 56 za oktoeti ya bati, ndiyo kichocheo (molekuli 500 za laktaidi kwa 1 ya bati). Oktoeti ni kimiminika kizito, haipimiki vizuri ilivyo: yeyusha miligramu 560 kwenye toluini kavu hadi mililita 10, vuta mililita 1 kwa sindano kavu.

4. Koroga kwa nyuzi 110, saa 24. Usipandishe joto ili uwahi: bati litaanza kukata na kuunga upya minyororo iliyokwisha kukua, na urefu wake hautakuwa sawa tena.

5. Vukiza toluini, yeyusha kilichobaki kwa mililita 30 za daikloromethani, kisha mimina uzi mwembamba kwenye mililita 300 za etha baridi unayoikoroga. Unga mweupe hutuama. Ukiganda kama ulimbo, etha haikuwa baridi vya kutosha. Fanyia ndani ya kabati la hewa, mbali na moto.

6. Pima kwa NMR (mwangwi wa sumaku wa viini), inayohesabu hidrojeni za kila sehemu. Weka kilele cha PEG cha 3.64 kiwe 454. Kile cha PLA, karibu na 5.16, kikikaribia 139, bloku ya PLA imefika 10,000. Ila NMR haitofautishi PLA iliyoshikana na PEG na ile iliyoanzishwa na maji. Pitisha GPC pia (hutenga minyororo kwa ukubwa, mirefu ikitoka kwanza): kilele kiwe kimoja, kimetangulia kile cha mPEG, bila bega (kivimbe ubavuni).