Kuomba Waefeso 3:14–21 ili uimarike utu wa ndani

Tenga dakika 15 alfajiri, kabla hujagusa simu. Soma mistari yote 8 kwa sauti, polepole, mara mbili. Kisha rudi mstari wa 16 na 17 utulie hapo. Ndipo penye uzito. Paulo, naye yuko kifungoni, haombi minyororo ifunguliwe. Anaomba Roho awatie wasomaji wake nguvu katika utu wa ndani, na Kristo akae mioyoni mwao. Kitenzi cha Kigiriki hapo, katoikeo, ni kukaa kama mwenye nyumba aliyehamia na vyombo vyake, si mgeni wa siku mbili.

Sasa omba ombi hilo ukiweka jina lako ndani yake, kisha utaje chumba kimoja cha moyo ulichomfungia Kristo: deni, kinyongo, tamaa. Kimoja tu. Ukitaja kumi, hutafungua hata kimoja.

Wengi hukwama kwa kungoja msisimko. Lakini mstari wa 17 unasema “kwa imani”, kwa hiyo hata siku kavu, omba.

Tena usiombe peke yako mwaka mzima: mstari wa 18 unataja “watakatifu wote”. Tafuta mwenzako, mkutane angalau mara moja kwa wiki.