Kutunza chavua mpaka mmea mama uchanue

Anayechanganya aina za maua nyumbani mara nyingi hukwamishwa na kalenda. Mmea anaoutaka uwe baba umechanua mapema na kupukutika. Ule anaoutaka uwe mama ndio kwanza unatoa matumba. Dawa yake ni kuvuna chavua, yaani unga wa kiume wa ua, na kuiweka akiba.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na mvua. Wakati mzuri ni ua linapofunguka tu, vile vifuko vya chavua kwenye ncha za stameni (vijiti vya kiume ndani ya ua) vikiwa bado vimefumba au ndiyo vinaanza kupasuka. Ukichelewa nyuki watakutangulia, na huna hakika tena kama chavua iliyobaki haijachanganyika na ya ua jingine. Chuma vifuko kwa kibanio, uvitandaze juu ya karatasi kwenye chumba kikavu kisicho na upepo wala jua. Kwa yungiyungi utaiona kazi kwa macho: kifuko kilichokuwa laini na kirefu hunywea, hupasuka kwa urefu na kujivika unga wa rangi ya kutu. Ukikumwagikia nguoni usisugue kwa maji, ubandue kwa utepe wa gundi.

Adui mkubwa wa chavua ni unyevu. Joto linafuata nyuma yake. Chavua yenye maji ikiingia kwenye friza huganda ndani na kufa, na ikibaki nje huota ukungu. Kwa hiyo kausha kwanza, baridi baadaye. Tumia silika jeli, yaani zile punje zilizo kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu vipya na chupa za vidonge. Vipakiti vya zamani huwa vimeshashiba unyevu wa hewani, basi ni afadhali kupata punje zinazobadili rangi, kwa mfano za bluu zinazogeuka waridi zikishashiba. Weka chavua kwenye kifuko cha karatasi au kapsuli tupu ya jelatini, uifungie pamoja na punje ndani ya chupa isiyopitisha hewa kwa siku moja hivi. Usikaushe kwenye jiko wala juani. Ikiwa tayari, humwagika kama vumbi bila kushikana mabonge.

Kwa matumizi ya siku chache hadi wiki kadhaa, friji ya kawaida yenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi inatosha. Ukitaka ifike msimu ujao, iweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Yungiyungi na amarilisi huvumilia safari hiyo vizuri. Jamii ya nyasi, mahindi yakiwemo, haivumilii: chavua yake hukauka na kufa upesi, kwa hiyo itumie ikiwa mbichi.

Gawa mavuno kwenye vifurushi vidogo, kila kimoja cha kazi ya siku moja, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaimaliza chavua. Andika kwa penseli jina la mmea na tarehe. Wino hufutika kwa unyevu. Na hapa pana kosa linaloharibu kazi yote ya nyuma: kuifungua chupa ikiwa bado ya baridi. Unyevu wa hewa ya chumbani hutua ndani kama umande na kuilowesha chavua. Iache ikiwa imefungwa mpaka ilingane na joto la chumba, ndipo ufungue.

Kama una hadubini ndogo, ijaribu chavua kabla ya kupoteza ua. Yeyusha gramu 10 za sukari katika mililita 100 za maji, dondosha tone kwenye kioo na unyunyize chavua kidogo. Baada ya saa chache, punje hai nyingi huchomoza mirija myembamba. Mirija ikiwa michache, usiitupe chavua. Paka nyingi zaidi kwa brashi laini, stigma (ncha ya kike ya ua inayopokea chavua) ikiwa inanata, na urudie kesho yake.