Jinsi ya kupanga nyimbo kwenye laptopu na flashi, usikeshe unatafuta wimbo mmoja

Kama una nyimbo mia mbili hii haikuhusu sana, zitafute tu hivyohivyo. Naongea na wewe mwenye nyimbo elfu na ushee, zingine umezoa kwenye flashi za washkaji, zingine umewekewa pale Majengo hapa Dodoma kwenye vibanda vya kuweka nyimbo, zingine zimeingia kwa WhatsApp, alafu leo mama mkwe katoka Mpwapwa anaomba kwaya na wewe unafungua Track 07, Track 07 (1), AUD-20230514-WA0011, mpaka mgeni anasinzia kwenye kochi.

Kabla hujagusa chochote nakili kila kitu sehemu ya pili, hata kama ni flashi ya kuazima. Basi, tuendelee.

Wimbo wa MP3 una majina mawili. Kuna lile la nje, jina la faili, na kuna maandishi yaliyofichwa ndani ya faili yanaitwa tagi: msanii, wimbo, albamu, mwaka, namba. Simu inapenda kusoma tagi, ndo maana unaweza kubadili jina la faili vizuri kabisa na bado kwenye simu likasoma tangazo la tovuti ulikodaunilodia. Sabufa na redio nyingi za bajaji zenyewe zinaonyesha jina la faili au hazionyeshi kitu kabisa, namba tu. Kwahiyo mi nasema anza na jina la nje, tagi zifuate, maana jina la nje linasomeka sehemu nyingi zaidi.

Mtindo wangu ni huu: Msanii - Wimbo (Mwaka). Msanii muandike anavyojulikana mtaani, usianze mambo ya jina la ukoo kwanza, nani atamtafuta Hukwe Zawose kwenye Z? Mwaka kama huna uhakika nao acha, usibuni. Wakiimba wawili chagua namna moja ya kuandika, mi naweka "ft", na ukishachagua usirudi nyuma, leo ft kesho feat keshokutwa x, hapo kutafuta kunakuwa mateso. Yale ya "Official Audio" na "New Hit" na jina la tovuti futa yote. Kama ni albamu nzima weka namba mbele yenye sifuri, 01, 02, 03, kwasababu redio zile zinazopanga kwa alfabeti zinasoma herufi moja moja na 10 inatangulia 2. Kwenye Windows huwezi kuliona hilo tatizo, yenyewe inapanga namba kwa akili, utaligundua ukiwa barabarani.

Alama za / : * ? na zile nukuu mbili Windows inazikataa kwenye jina, usigombane nayo. Ila kuna kadogo kanasumbua watu: ile alama ya ng'. Simu nyingine zinaandika iliyopinda, laptopu inaandika iliyonyooka, kwa macho ni kitu kimoja ila kompyuta inaweza kuona ni vitu viwili, unatafuta wimbo wa ng'ombe unaambiwa hamna na upo. Zifanye zote zilizonyooka.

Folda zisiwe nyingi. Dansi, Taarabu, Bongofleva, Singeli, Kwaya, Ngoma za Asili, na moja ya Hazijapangwa ambayo kila kinachoingia kinaanzia humo. Ukianza kugawa Bongofleva ya huzuni na Bongofleva ya kucheza utachoka kabla ya Jumapili.

Dansi ina mtego wake. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Ukiziweka kila moja na folda yake umeigawa bendi moja vipande vinne. Mi nina folda moja ya Msondo, alafu kwenye jina la faili naacha jina la wakati ule, "JUWATA Jazz - ..." Hapo ukiangalia tu unajua ni enzi zipi.

Sasa kwaya, na hapa Dodoma ndo kwenye kazi. Kwaya za Mtakatifu Cesilia ziko parokia kibao, na Kwaya ya Uinjilisti ndo usiseme, kwahiyo jina peke yake halikusaidii, lazima uambatanishe parokia au usharika na mji: "Mt Cesilia, parokia fulani, Kongwa". Kwa tagi zipo programu za bure, Mp3tag unabadilisha faili mia kwa mkupuo, Picard inasikiliza wimbo na kuutafuta kwenye MusicBrainz, hazina ya taarifa za nyimbo mtandaoni. Ila Picard usiitegemee kwa kwaya iliyorekodiwa studio ya mtaani wala muheme, ngoma ya Kigogo ya kina mama, ulionaswa kwa simu harusini, hazina haiujui na haitaujua mpaka mtu auandike. Hizo andika mwenyewe, na andika mapema: nani wanapiga, kijiji gani, ngoma gani, tarehe ukianza na mwaka, mfano 2024-08-17, zinajipanga zenyewe. Namba iliyo kwenye jina la faili la WhatsApp, kama ile 20230514, isikudanganye, ile ni tarehe inayohusu faili kupita WhatsApp, ngoma yenyewe inawezekana ilipigwa miaka kumi nyuma.

Na ukikuta wimbo mmoja mara tatu usifute kwa kuangalia ukubwa tu. Wimbo wa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB moja kwa dakika, 320 ni zaidi ya mbili, lakini wapo wanaoichukua ya 128 wanaigeuza 320, inanenepa bila kuwa nzuri. Sikiliza matoazi na sauti za juu, iliyo kama imefunikwa blanketi ndo ya kufuta.

Mwisho kuhamishia kwenye flashi. Redio nyingi za bei rahisi hazifuati alfabeti, zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliingia, kwahiyo formati flashi kwa mfumo wa FAT32, alafu nakili folda moja moja kwa zamu unayotaka zipigwe, usitupie zote kwa pamoja. Flashi nunua ya GB 32, zaidi ya hapo Windows mara nyingi haikupi FAT32 kwenye menyu yake na redio ya bajaji inaweza kuikataa, na hiyo 32 yenyewe inabeba nyimbo elfu kadhaa.