Kabla hujasaini kazi ya shaba

Miaka kumi na moja nimechomelea vyuma kwenye migodi ya shaba ya Kolwezi, Kongo (DRC). Vijana wakiniuliza njia ya kuingia, nawaambia wapate ufundi kwanza: umeme wa mitambo, haidroliki, kuchomelea. Hata Chile, mgodi wa shaba wa Chuquicamata ulipoanza kuchimba chini ya ardhi mwaka 2019, ulihitaji mafundi wa mitambo.

Kongo tumeipita Peru, sasa ni wa pili duniani kwa shaba. Lakini kazi nyingi ziko kwa wakandarasi, si kwa mgodi wenyewe. Hapo ndipo pa kukaza macho. Uliza: mshahara analipa nani? Mkataba ni wa miezi mingapi? Nikiumia, natibiwa wapi, kwa gharama ya nani? Omba nakala yako siku hiyohiyo. Mara moja tu mimi nilikosa kuuliza, mkandarasi akaondoka na mishahara yetu ya miezi miwili. Watoto wangu walirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada.

Jiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira ya Kongo, na vyeti halisi usimwachie mtu. Ukitaka kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Chingola au Kitwe, tafuta kwanza kibali cha kazi cha Zambia.